Nani Anafunguliwa Mlango

 Leo tuzungumze juu ya mahali anapolala mtu akiwa mbali na kwao. Miongoni mwenu wasikilizaji wapo waliolala gesti karibu na stendi jana usiku, wapo waliolala kwa shemeji, na wapo wanaonisikiliza sasa hivi kwenye redio ya mapokezi wakisubiri kupewa ufunguo. Historia ya nyumba za wageni mara nyingi huandikwa kwa niaba ya hoteli kubwa, ikajaa habari za ngazi za marumaru na wafalme waliopata kulala pale. Mimi nimeisoma kwa kuuliza swali moja: msafiri alipobisha hodi, nani alifunguliwa, na nani aliambiwa pamejaa?

Tuanze hapa kwetu pwani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tangier, Morocco, alifika Mogadishu kwa jahazi. Ametuachia maelezo ya jinsi wageni walivyopokelewa, nami kila nikiyasoma naona mji uliokuwa umefikiria sana jambo hili. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mjini walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia lile na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakulala popote ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa mzoefu wa mji na ana watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Na mtu akimpunja mgeni kwa kununua mali yake kwa bei ya kutupa, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Angalieni utaratibu huo ulivyofumwa. Ndani yake mna malazi, mna dalali, mna mkalimani, mna na mdhamini. Mgeni aliyeshuka kutoka Aden au Gujarat hajui bei ya soko wala hajui nani mwizi, na mji ukamwekea mtu wa kumjibia. Mwenyeji naye alipata faida yake, kwa hiyo tusiupake ukarimu huo rangi ya sadaka tupu. Ila faida hiyo ilitokana na kumlinda mgeni, na mji mzima ulikuwa tayari kuivunja biashara iliyomdhulumu.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Wenyeji waliposikia ni mwanachuoni, kadhi alikuja kumpokea yeye mwenyewe, wakampeleka katika nyumba ya wanafunzi wa dini iliyokuwa imetandikwa vizuri. Huko alikula wali wa samli pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na tangawizi. Akakaa siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku. Baadaye aliendelea na safari, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa.

Hizo siku tatu hazikuwa za kubahatisha. Katika mafundisho ya Kiislamu ugeni una siku tatu za haki, na Kurani inamtaja ibnu sabili, yaani msafiri aliyekatikiwa njiani, miongoni mwa wanaostahili kupewa zaka. Ndiyo maana katika nchi za Waislamu watawala na matajiri walijenga makaravanserai, yaani nyumba za kulaza wasafiri, kando ya njia za misafara na kuyawekea wakfu. Sultani Kayqubad wa Kwanza alijenga moja karibu na Aksaray, Uturuki ya leo, mwaka 1229, na bado limesimama. Lina lango moja kubwa, refu kiasi cha ngamia kupita na mzigo wake mgongoni, ua mpana katikati, mahali pa wanyama, ghala, vyumba, na msikiti mdogo ulioinuliwa juu ya nguzo katikati ya ua. Usiku lango lilifungwa, na aliyekwisha kuingia alilala salama. Katika makaravanserai ya aina hiyo msafiri alikaa siku tatu bila kulipa. Ulaya nako watawa walifanya kazi kama hiyo: kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inawaamuru wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo amefika.

Turudi pwani, kwa sababu hapa kulikuwa na jambo ambalo miji ya njia za ngamia haikuwa nalo. Msafara wa ngamia ulipumzika ukaondoka. Majahazi yalisubiri pepo. Waliokuja na kaskazi kutoka Oman, Hadhramaut na Bara Hindi hawakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma, kwa hiyo mgeni alikaa miezi. Mgeni wa miezi hawezi kuwekwa ukumbini. Nyumba za mawe za Lamu zinaonyesha jinsi mafundi walivyolitatua tatizo hilo: kwanza daka lenye baraza mlangoni, ambapo mtu alizungumza na mwenye nyumba bila kuingia, kisha sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na upande wa familia, ili alale, ale na apokee watu wake bila kuingiliana na wanawake wa nyumba. Wako wageni walioozwa mumo humo, wakazaa na kuzikwa papo hapo. Koo nyingi za pwani zilianzia kwa mgeni aliyesubiri upepo.

Lakini si kila mgeni wa kaskazi alikuja kwa heri. Unguja ya karne ya 19, msimu ulipofika, mabaharia kutoka Ghuba walipiga kambi katika mtaa wa Malindi, na wazazi waliwafungia watoto wao ndani, kwa kuwa kulikuwa na wizi wa watoto waliopakiwa majahazini na kwenda kuuzwa utumwani. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kuuimba ukarimu wa mababu kana kwamba milango yao haikuwa na komeo. Walikuwa na komeo, tena la mti mzito, na walijua sababu yake.

Bara mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na mamia ya watu, wengi wao wapagazi Wanyamwezi, na hakuna kijiji ambacho kingewalaza wote. Walilala katika kambi: vibanda vya majani vilivyozungushiwa boma la miiba, karibu na maji. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, anaeleza jinsi kambi hizo zilivyoachwa zikasimama, msafara unaofuata ukazikuta na kuzitumia. Hapakuwa na mmiliki wala mlipaji. Mpagazi aliyekata miti leo alimjengea mpagazi asiyemjua, naye kesho alilala katika kazi ya mikono ya mwingine. Alipofika Kazeh, ambayo ni Tabora, Burton alipewa nyumba na kutunzwa na Snay bin Amir, tajiri Mwarabu mwenye asili ya Oman, bila kudaiwa kodi. Wapagazi wake hawakupata Snay bin Amir wa kwao. Hapo tayari mnaona aina mbili za malazi njiani: ile yenye jina la mwenyeji, na ile ya wanaobeba mizigo.

Sasa tuvuke bahari kidogo tukaone hoteli yenyewe ilivyozaliwa, maana hiki tunachokiita hoteli ni kitu kipya kuliko watu wanavyodhani. Ni kweli, Japani ina nyumba ya wageni kwenye chemchemi za maji moto, Nishiyama Onsen Keiunkan, inayohesabiwa kuwa imefunguliwa mwaka 705, na ilibaki katika familia moja kwa vizazi vingi sana. Lakini katika nyumba za wasafiri za Ulaya kwa karne nyingi mtu hakukodi chumba. Alikodi nafasi kitandani, na wageni wasiojuana walilala ubavu kwa ubavu. Uingereza kuna kitanda maarufu cha mji wa Ware, kilichotengenezwa mwishoni mwa karne ya 16, chenye upana unaozidi mita tatu, kikiwa kivutio cha wateja.

Mabadiliko makubwa yalikuja Boston, Marekani, mwaka 1829, ilipofunguliwa Tremont House. Msanifu wake, Isaiah Rogers, aliweka vyoo vya maji ndani ya jengo, na kila mgeni alipewa chumba chenye kufuli na ufunguo wake, pamoja na sabuni na mtungi wa maji. Mambo ambayo leo tunamgombeza mhudumu yakikosekana yalianzia pale. Baadaye huko Ulaya César Ritz aliifanya hoteli kuwa jukwaa la matajiri, kwanza Savoy ya London iliyofunguliwa mwaka 1889 ikiwa na taa za umeme, halafu hoteli yake mwenyewe mjini Paris mwaka 1898. Na Ellsworth Statler, mtu aliyeanza kazi ya hoteli akiwa kijana wa kubeba mizigo ya wageni, alifungua hoteli Buffalo mwaka 1908 ambako kila chumba kilikuwa na bafu lake, kwa dola moja na nusu. Ritz ndiye anayekumbukwa zaidi kwa jina. Kwa maoni yangu Statler ndiye aliyemfaa msafiri zaidi, kwa sababu aliamini kwamba mfanyabiashara mdogo wa kuzunguka naye anastahili kuoga faraghani.

Hoteli ya aina hiyo ilipoletwa Afrika Mashariki, ilikuja na kufuli zake, ila ufunguo ulikuwa wa watu wa rangi moja. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na tarehe 25 Desemba 1904 ikafunguliwa hoteli ya Norfolk. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alifikia hapo mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Walowezi waliifanya baraza lao, hata ikapewa jina la utani la Bunge la Malodi. Mwafrika aliingia pale akiwa na sinia mkononi au mzigo kichwani.

Naomba tukae hapa kidogo. Mwezi Machi mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Tarehe 16 umati ulijaa mbele ya kituo cha polisi alikofungwa, hatua chache kutoka Norfolk, ukidai aachiwe. Wanaume walianza kusitasita. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawasuta kwa namna ambayo hakuna mwanamume wa Kikuyu angeweza kuivumilia, na watu wakasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na wengine wametaja idadi kubwa zaidi. Simulizi zilizobaki na vitabu vya historia vinaeleza kwamba walowezi waliokuwa wakinywa barazani Norfolk nao walifyatua bunduki zao kwenye umati ule. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku. Mgeni anayemwelekeza dereva wa teksi Norfolk hulitamka jina hilo, na ningependa ajue limetoka wapi.

Dar es Salaam ilikuwa na Kaiserhof ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa New Africa. Nyeri ilikuwa na Treetops, vyumba vilivyojengwa juu ya mti mwaka 1932 ili watu watazame wanyama usiku. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alilala huko Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki naye akawa malkia. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto.

Na Mwafrika aliyekuja Nairobi kutafuta kazi alilala wapi? Hili ndilo swali ambalo vitabu vya kupamba meza za hoteli hulikwepa. Alilala Pangani, na baadaye Pumwani, katika nyumba za udongo na fito zilizogawanywa vyumba, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Walikuwa wameacha makwao, baadhi wakikimbia ndoa au njaa, wakafanya kazi walizopata, zikiwemo zile ambazo watu husema kwa sauti ya chini, wakaweka akiba na kujenga. Wengi walisilimu, wakazungumza Kiswahili, wakampangisha chumba Mluo, Mkamba na Mkikuyu bila kubagua. Serikali ilitaka mfanyakazi Mwafrika awe mpita njia mjini, alale bwenini na kurudi kijijini nguvu zikiisha. Wanawake hawa walimpa chumba chenye mlango. Pangani ilibomolewa mwaka 1939, wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo, na nyumba walizozijenga kwa jasho lao zikafutika. Nikiulizwa nani walikuwa waanzilishi wa biashara ya malazi mjini Nairobi, nitawataja wao kabla ya Norfolk.

Wahindi nao, waliofungiwa milango ileile ya Wazungu, walijitegemea: jamaa zao zilijenga misafirikhana karibu na misikiti na mahekalu, msafiri wa dhehebu akapata godoro na maji kwa malipo madogo au bila malipo.

Uhuru ulipokuja, serikali zetu zilijenga hoteli kama zilivyoandaa bendera na wimbo wa taifa. Kilimanjaro ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari, na Unguja ikapata Bwawani mwaka 1974. Kwa mara ya kwanza Mtanzania aliweza kupanda lifti ya hoteli kubwa akiwa mteja. Lakini lilizuka swali zito. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliuliza kwenye gazeti kama nchi ya ujamaa inafaa kutumia fedha zake kujenga mahoteli ya watalii. Je, tunawafundisha vijana wetu kuinama upya? Upande wa pili ulijibu kwamba taifa linahitaji fedha za kigeni, na kwamba kumhudumia mtu si kumnyenyekea. Mjadala ulikuwa mkali, na msomi Issa Shivji akaukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Ninawaheshimu waliojadiliana vile, kwa sababu waliitazama hoteli kwa macho ya anayebeba sinia. Mahoteli yalijengwa hata hivyo, mengi yakabinafsishwa baadaye, na swali lenyewe nalisikia hadi leo kwa vijana wanaofanya kazi fukwe za Kiwengwa na Diani.

Siwezi kupita bila kuitaja Kigali. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea, zaidi ya watu 1,000 walijificha katika Hôtel des Mille Collines. Maji yalipokatwa walichota ya bwawa la kuogelea wakanywa na kupikia. Wenyewe wanatofautiana juu ya nani anastahili sifa kwa kuokoka kwao, na mimi si wa kuwaamulia. Ninalolijua ni kwamba jengo lililowekewa bwawa kwa starehe za watu wachache liligeuka kuwa mahali ambapo mlango kufungwa au kufunguliwa kulimaanisha uhai.

Basi tufike kwetu tulio wengi, tufike gesti. Kukua kwa gesti zetu za Tanzania kuna historia yake. Miaka ya tisini serikali ilizuia mabasi ya abiria kutembea usiku kutokana na ajali. Aliyetoka Dar es Salaam kwenda Bukoba au Kigoma hakuweza kufika siku hiyo hiyo, akalazimika kulala njiani. Miji kama Singida, Nzega na Kahama ikajaa nyumba za kulala wageni kuzunguka stendi. Nyingi ni za mwalimu mstaafu, mjane, askari aliyejenga vyumba sita kwa kiinua mgongo chake. Kitanda, chandarua, feni, ndala zilizokatwa ncha zisiibwe, ndoo ya maji, kipande cha sabuni. Mwenye uwezo anaongeza fedha na kupata chumba cha selfu, yaani chenye choo na bafu ndani. Na mhudumu, mara nyingi msichana wa miaka ishirini na kitu, anayefua mashuka alfajiri kwa mkono na kuamshwa saa nane usiku kufungua geti.

Mezani kwake kuna daftari. Jina, umri, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Daftari hilo lina ukoo na zile siku ambapo mwenye nyumba alitakiwa kumjulisha balozi wa nyumba kumi kila akipata mgeni. Polisi hulisoma. Sipingi mgeni kujulikana; Mogadishu ya mwaka 1331 nayo ilitaka kila mgeni awe na mtu wa kumjibia. Ila safu ya kabila sioni inamlinda nani, na ningependa iondolewe.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Gesti za katikati ya njia zimepoteza wateja, lakini miji ya mwisho wa safari sasa inapokea abiria saa saba, saa nane, saa tisa za usiku. Nenda stendi saa hizo utawaona: akina mama na watoto wamelala juu ya mabegi. Baadhi wamekwenda kubisha hodi wakatakiwa walipe usiku mzima kwa saa tatu zilizobaki. Baadhi wamekataliwa kwa kuwa ni wanawake wasio na mume pembeni, mhudumu akaagizwa na bosi asiwapokee wanawake peke yao usiku kwa kuwadhania vibaya. Na mwenye kiti cha magurudumu anakuta ngazi nne mlangoni hata kabla hajaulizwa jina. Halmashauri zetu hutoza ada ya leseni na ushuru, na mabwana afya hukagua vyoo. Kwa nini leseni hiyo hiyo isimtake mwenye gesti iliyo karibu na stendi aweke bei ya nusu usiku ukutani, aweke chumba kimoja cha chini kisicho na ngazi, na asimrudishe mwanamke kwa sababu tu yuko peke yake? Wenye gesti mnaonisikiliza, na madiwani pia, simu zetu ziko wazi kuanzia sasa. Nataka kusikia kutoka kwenu.